Honi ya Getini

Usiku ule Mama Geti hakulala. Simu aliiweka dirishani, kwenye ile pembe ya kushoto ambako mtandao hukubali kukaa, akavuta kigoda, akaketi karibu nayo kama mtu anayeuguza mgonjwa. Treni ya mwisho ilikuwa imeshapita. Geti lilikuwa wazi, barabara tupu, na taa ya kibanda chake cha kazi ilizungukwa na wadudu wasio na shughuli. Yeye alikuwa na shughuli moja tu: kusubiri bintiye apige kusema kama kazi ameipata au ameikosa.

"Wamesema majibu ni leo leo," binti alimwambia mchana, alipotoka kwenye usaili. "Hata ikiwa usiku, Mama, nitakupigia."

Usiku ukaja, ukakaa, na simu ikanyamaza. Kila mara aliinyanyua kuhakikisha haijazima. Aliwaza ajali. Aliwaza wezi. Aliwaza bintiye amekosa tena, amejifungia chumbani kule mjini, analilia mto ili mwenzake wa chumba asisikie. Ndivyo alivyoumbwa mama huyu: ukimpa giza kidogo, atalijaza mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupanga safari za treni. Mama Geti hakusoma sana, lakini alikuwa ameelezwa mara nyingi hata akaielewa kwa namna yake. Kuna watu pale makao makuu ya reli ambao kazi yao ni kuamua treni ipi itoke lini, ipishane na ipi, wapi, na ipi ikae pembeni ili mwenzake apite. Reli yao ilikuwa moja tu, ya kwenda na kurudi. Mpangaji akikosea, treni mbili hutazamana kama mabeberu waliokutana katikati ya daraja. Binti alikuwa karani wa tiketi stesheni kuu. Kazi ya kupanga alishaiomba mara mbili, mara zote mbili wakamwambia asante, tutakuita, wasimwite.

"Nikikosa hii ya tatu, Mama, siombi tena," alisema. "Nitazeeka nimetoa mkono kwenye kidirisha cha tiketi."

Ndiyo maana mama mtu alikuwa macho.

Hilo jina la Mama Geti hakupewa na mtu mmoja. Lilimjia lenyewe, kama vumbi. Alikuwa mlinzi wa geti mahali reli inapokatiza barabara kubwa. Kengele ikilia kibandani, ina maana treni imeondoka stesheni ya jirani, naye hutoka na kushusha miti miwili ya kuzuia magari, huku na huku, kisha husimama na bendera yake ya kijani mpaka behewa la mwisho lipite. Nyumba ya reli aliyoishi ilikuwa hatua chache tu kutoka kibandani: vyumba viwili, mlango wa mbele unaotazama barabara, na mlango wa uani unaotazama reli. Kengele ikilia akiwa jikoni, hutokea uani. Maisha yake yote yalikuwa kati ya milango hiyo miwili.

Madereva wa malori walimtania. "Mama Geti, tufungulie bwana, mke wangu ananisubiri!"

"Mkeo amekuzoea kuchelewa," huwajibu bila kugeuka. "Ukiwahi leo atashtuka."

Wao hucheka, yeye hacheki. Akiwa na bendera mkononi hakuwa mtu wa kucheka. Alisimama wima, viatu vimefungwa, kilemba kimekazwa, macho kwenye reli. Na ilikuwa na sababu yake.

Kazi ile ilianza na kifo. Mumewe alikuwa fundi wa reli, mmoja wa wale wanaotembea na nyundo wakigonga na kukaza, wakirudisha kokoto zilizokimbia. Msimu mmoja wa mvua, maji yalikula tuta upande wa pili wa geti, reli zikabaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Treni ya abiria ilikuwa njiani. Mwanamume yule akaikimbilia na bendera nyekundu, mvua ikimpiga usoni. Dereva alimwona, akafunga breki. Treni ilikuja ikisimama, ikisimama, nayo ikasimama kweli kabla ya shimo. Lakini yeye alikuwa ameteleza kwenye kokoto, na kichwa cha treni kilikuwa kimeshampitia.

Abiria wote walishuka wazima. Wengine hawakujua hata kilichotokea, walilalamika kuloa.

Reli ikampa mjane kazi ya geti na ile nyumba. Ofisi iliona imemaliza. Madereva wakaona hawajamaliza. Msaidizi wa dereva wa treni ile alikuwa kijana aliyeanza kupoteza nywele mapema, wakamwita Kipara, na yeye ndiye aliyeanzisha salamu ya getini. Alipokuja kuwa dereva kamili, kila akilikaribia geti alipunguza mwendo. Mabehewa yalitulia kama watu wanaoingia msibani. Kisha alipiga honi: fupi, ndefu, fupi, tofauti na honi ya kawaida ya kuonya magari. Alitoa mkono dirishani, kiganja wazi. Mama Geti naye aliinua bendera juu kuliko kawaida, akaishusha taratibu. Halafu treni ikaongeza mwendo na kwenda zake.

Wenzake Kipara wakamfuata. Madereva wapya walifundishwa na wa zamani, kama mtoto anavyofundishwa kuamkia wakubwa: ukifika pale, punguza, piga, salimia. Haikuandikwa popote. Hakuna aliyeamrisha. Miaka ikaenda, wengine wakastaafu, na bado kila treni ilipita pale kwa adabu. Mama Geti hakuwahi kulala siku bila kusikia mumewe akisalimiwa.

Bintiye alikulia ndani ya honi ile. Akiwa mdogo alisimama kando ya mama yake, naye anainua kimkono chake, na kabla treni haijapiga yeye ameshapiga kwa mdomo, fupi, ndefu, fupi, sawasawa kabisa. Kipara alipoisikia siku moja, akichungulia dirishani, akacheka mpaka machozi. "Shemeji, huyu si mtoto, huyu ni kasuku!" Basi akawa Kasuku. Kipara alimbeba mabegani, Kipara alimpandisha kwenye kichwa cha treni akamwonyesha breki na saa za kupimia mwendo na mafuta, na alipomaliza shule, Kipara ndiye aliyekwenda kumsemea apate ile kazi ya tiketi.

Kabla ya usaili huu wa tatu, Kasuku alirudi nyumbani wiki nzima kujifunza. Alipiga misumari midogo ukutani sebuleni. Kushoto kwenda kulia ni saa za siku, juu kwenda chini ni stesheni. Kisha akachukua nyuzi za kushonea za mama yake, nyeupe kwa treni za abiria, nyeusi kwa za mizigo, akazivuta kutoka msumari hadi msumari. Kila uzi ulikuwa treni moja inayosafiri. Nyuzi mbili zikikatana, hapo ndipo treni mbili zinakutana, na mahali hapo lazima pawe na njia ya pembeni ya kupishana.

"Kumbe ni ushoni tu," alisema Mama Geti, mikono kiunoni.

"Ni ushoni, Mama. Ila huu ukikosea sindano inachoma watu."

Alipenda kumtazama. Binti alikaa sakafuni, kalamu sikioni, uzi mdomoni, akijisemesha. Jioni moja aliweka kidole kwenye msumari mmoja.

"Mama. Hapa getini kila treni inapoteza kama dakika mbili. Ofisini inawasumbua miaka. Nimesikia wakubwa wakibishana: hakuna mlima, hakuna kona, hakuna stesheni. Zinakwenda wapi hizo dakika?"

Mama Geti aliacha kukata vitunguu. "Unajua zinakwenda wapi."

"Najua. Nauliza kama wao wanajua."

"Hawajui. Na wasijue." Akaja mpaka mlangoni mwa sebule, kisu kikiwa bado mkononi. "Sikiliza, mwanangu. Dereva kupunguza mwendo bila sababu iliyoandikwa ni kosa. Wakijua watawaandama wale wanaume, mmoja mmoja. Na ile itakwisha. Ile ndiyo kaburi la baba yako, maana lile la udongo lilishasombwa na maji. Umenielewa?"

"Mama jamani. Siri yako si yangu? Mimi mtoto wa nani?"

"Mtoto wa aliyelala pale."

"Basi." Kasuku akacheka, akamshika mama yake mkono ule wenye harufu ya vitunguu. "Yamekwisha."

Lakini kabla hajalala alifunga fundo dogo la uzi mwekundu kwenye ule msumari wa getini. Mama mtu aliliona asubuhi, akauliza la nini. "La kukumbuka tu," binti alijibu, na mama yake akafurahi, akidhani anayekumbukwa ni marehemu.

Sasa usiku wa kusubiri ukaisha bila simu. Kukapambazuka. Kengele ikalia, Mama Geti akatokea uani, kichwa kizito, akashusha geti kwa treni ya mizigo. Simu aliiweka ndani ya blauzi. Mabehewa yalikuwa katikati ya kupita ndipo ilipoanza kutetemeka kifuani. Hakuruhusiwa kupokea akiwa na bendera. Akasimama pale, simu inamtikisa moyo, mabehewa hayaishi. Duniani hakujawahi kuwa na treni ndefu kama ile.

Alipofungua geti tu, akapiga mwenyewe.

"Mama! Nimepata!"

Akachuchumaa palepale kando ya reli. Hakupiga kelele. Alishika kokoto moja akaifinya. "Rudia."

"Nimepata, Mama. Mpangaji wa treni. Wamenichagua mimi peke yangu kati ya wote."

"Mbona hukupiga usiku? Umeniua bure!"

"Nilichoka tu. Mama?"

"Naam, mama yangu."

"Hutanichukia, eti?"

"Nikuchukie kwa nini, wewe mtoto? Umekula?"

"Nitakula." Simu ikakatika.

Mama Geti alikuwa mtu wa kuangalia. Neno lile lilimganda kama mwiba wa samaki kooni, asijue kulimeza wala kulitema. Lakini furaha ni mgeni mkubwa, na mgeni akiingia huulizi kwanza kabeba nini. Mchana Nyapara, mkuu wa kikosi cha mafundi wa reli, alipita na watu wake, akampa habari. Nyapara akavua kofia. "Kasuku wetu bosi! Sasa tutapangiwa na mtoto tuliyemfuta kamasi!" Mafundi wakashangilia, wakagonga nyundo kwenye reli mpaka ikalia kote kote. Kila dereva aliyepita juma lile alitoa mikono yote miwili dirishani. Habari njema husafiri kwenye reli haraka kuliko treni.

Ikapita miezi. Binti alipiga simu, lakini maneno yake yalikuwa mafupi, kama ya mtu anayeongea amesimama. Kazi nyingi, Mama. Nitakuja, Mama.

Siku moja alasiri kengele ililia. Mama Geti akashusha geti, akakaza kilemba, akasimama mahali pake. Treni ya abiria ikatokeza kwenye bonde. Akaanza kuinua bendera juu, kama siku zote, akingoja ule mtulio wa mabehewa.

Haukuja.

Treni ilikuja na mwendo wake wote. Honi ilikuwa moja, ndefu, ya kuonya magari. Upepo wa mabehewa ukamvua kilemba ukakirusha kwenye majani. Alibaki na mkono juu, bendera inapigapiga, nywele zake zenye mvi zikitazamwa na foleni nzima ya malori. Dirishani kwa dereva hakukuwa na mkono. Kulikuwa na uso tu, umetazama mbele kama wa mtu anayekupita sokoni na unamdai.

Akajiambia ni dereva mgeni. Akajiambia breki zina hitilafu. Jioni ikaja nyingine, ikapita vilevile. Kesho yake zote. Alisimama kila mara na bendera yake, na kila mara kifua kilimwambia, hii sasa, hii ndiyo, na kila mara ilikuwa upepo.

Mafundi wa reli walipopita, Nyapara hakuvua kofia.

"Habari za kazi, baba?" aliuliza Mama Geti.

"Nzuri."

"Mbona madereva—"

"Sisi ni watu wa nyundo, Mama Geti. Ya madereva waulize madereva. Au uliza ofisini. Huko si ndiko mnakosikilizwa siku hizi?" Akaendelea na safari, na watu wake nyuma yake wakakanyaga mataruma ya reli bila hata mmoja kugeuka.

Aliyekuja kumweleza alikuwa Kipara. Alikuja kwa miguu, bila sare, akabisha mlango wa mbele kama mgeni, yeye aliyezoea kupitia uani na kujichotea maji mtungini. Mama Geti akamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Shemeji," alisema. "Sikuja kugomba. Nimekuja kuuliza swali moja ili nilale. Tulikukosea nini?"

"Mnikosee nini? Shemeji, keti basi."

"Tuliitwa ofisini, madereva wote wa reli hii. Tukaambiwa: mnasimamisha treni ya watu kwa salamu zenu za getini. Kila mtu akapewa onyo. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyeanza, nimeondolewa kwenye abiria. Sasa nasukuma mabehewa yadi, nenda mbele, rudi nyuma, kama mtoto anayechezea gari la makopo. Nilibakiza kidogo nistaafu nikiwa dereva wa abiria." Akajifuta jasho. "Hilo si kitu. Lakini walijua mpaka honi yenyewe, Shemeji. Fupi, ndefu, fupi. Walijua nani aliianza. Tukauliza nani kasema. Wakasema, mtu anayelijua lile geti vizuri. Sasa geti lile anayelijua ni nani?"

Mama Geti alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari: si mimi. Lakini aliliona linakokwenda. Akisema si mimi, swali linalofuata lina jibu moja tu, na jibu hilo alilibeba tumboni mwake mwenyewe. Akafunga mdomo.

Kipara alingoja. Alipochoka kungoja, macho yake yakazunguka sebule, kwa aibu, akitafuta pa kuyaweka. Yakafika ukutani. Misumari ilikuwa bado pale, na nyuzi nyeupe na nyeusi. Mama Geti hakuwa na moyo wa kuzitoa, alizifuta vumbi kila asubuhi kama picha ya ukoo. Kipara alizitazama. Dereva hahitaji kuelezwa: alifuata uzi mmoja mweupe kwa macho, stesheni kwa stesheni, mpaka kwenye fundo jekundu. Akasogea. Akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Ah," alisema.

Sasa akakaa. Alikaa muda mrefu, mikono katikati ya magoti, kipara chake kimeelekea sakafuni.

"Nilimbeba mabegani," alisema mwishowe.

"Najua."

"Nisamehe, Shemeji. Nilidhani ni wewe."

"Afadhali ungeendelea kudhani," alisema Mama Geti.

Kipara aliinuka, akatoka kwa mlango wa uani.

Kasuku alikuja Jumapili, na gari la ofisi. Mama Geti alimwona kabla binti hajamwona yeye. Geti lilikuwa chini, treni ya mizigo inakuja, na gari jeupe la reli lilikuwa la tatu kwenye foleni, binti yake kiti cha mbele, amevaa koti safi la kazi. Treni ikapita na mwendo wake wote. Mama Geti akalipandisha geti. Watu wengine walikuwa na safari zao. Hawakuwa na kosa. Lori likapita, pikipiki ikapita, gari jeupe likapita likaegesha mbele ya nyumba. Yeye alizunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa uani, akaenda mbele, na akasukuma komeo.

"Mama! Ni mimi!"

Akabisha mara mbili.

"Mama, nimekuona ukiingia. Fungua basi, jua linanichoma." Kicheko kidogo, cha kujaribu. "Nimekuletea kitambaa cha kilemba."

Mama Geti alisimama upande wa pili, kiganja juu ya mbao. Walitengwa na ubao mmoja tu.

"Kipara alikuja," alisema.

Kicheko kikaisha.

"Nilitaka kukwambia mwenyewe," alisema Kasuku. "Wallahi nilitaka. Ule usiku, simu nilikuwa nayo mkononi mpaka asubuhi."

"Niambie sasa."

"Kwenye usaili walitupa wote swali moja, Mama. Treni ya abiria inachelewa, irudishieni muda. Wenzangu wote walikata stesheni ndogo, wakaambiwa hapana, wananchi watalia. Ikafika zamu yangu. Mkubwa akaweka kidole getini, akasema, na hapa, kuna ambaye anaweza kunieleza hapa kuna nini? Nikawaangalia. Hakuna aliyejua. Mimi tu. Ni mara ya tatu, Mama. Nilikuwa nawaona wanafunga makabrasha."

"Ukamweleza."

"Nilisema madereva wanapunguza mwendo. Nikadhani itaishia hapo."

"Haikuishia."

"Wakauliza nani alianza. Wakauliza inakuwaje. Nikishaanza, Mama, ningesema sijui tena vipi?"

"Na kwa nini wanapunguza, wakauliza?"

Nje, viatu vya Kasuku vilisugua kizingiti.

"Nimekuuliza, mwanangu. Walipouliza kwa nini, ulisema ni kwa nini?"

"Nilisema..." Sauti ilishuka mpaka mama yake akalazimika kuweka sikio kwenye mbao. "Nilisema ni mazoea tu. Sikutaka wajue ni baba yangu. Wangeona nina upande."

Mama Geti aliondoa sikio mbaoni. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijua wanaume wageni walimkumbuka mumewe kwa hiari yao. Alichokuwa hajui ni kwamba mumewe angekuja kukanwa na damu yake, mbele ya watu waliokaa vitini, ili binti naye apewe kiti.

"Mama, naweza kurekebisha," Kasuku aliharakisha, maneno yakikanyagana. "Sasa niko ndani. Mimi ndiye nachora ratiba. Naweza kuziweka zile dakika mbili kwenye ratiba kabisa, rasmi, kila treni ipunguze getini. Itakuwa amri. Hakuna atakayewaonya tena. Kipara nitamsemea arudi."

"Kipara msemee," alisema mama yake. "Hilo fanya, hata usipolala. Lakini hizo dakika usimwekee baba yako. Mtu hasalimiwi kwa amri."

"Basi nifanye nini? Niambie cha kufanya. Nifungulie tu nikuone uso."

Kiganja cha Mama Geti kilikuwa kimeshuka mbaoni mpaka kwenye komeo. Alikuwa mama. Alijua mtoto yule akisema vile anakuwa amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, kama alipokuwa na miaka sita. Alijua hajala. Vidole vyake vilikishika chuma kile, vikakipasha joto.

Ndipo kengele ikalia kibandani.

Akaondoa mkono. Akakaza kilemba, akachukua bendera nyuma ya mlango wa uani, akatoka upande wa reli. Alishusha mti wa kwanza, akashusha wa pili. Magari yakasimama. Kutoka alipokuwa, aliweza kuona mbele ya nyumba yake: gari jeupe, na Kasuku amesimama kizingitini, uso kwenye mlango, kitambaa kipya kimekunjwa kwapani.

Treni ya abiria ikatokeza bondeni. Ilikuja kama zinavyokuja sasa. Mama Geti aliinua bendera, si juu sana. Na kule kizingitini alimwona bintiye akigeuka kwa sauti ile, akisahau kwamba ni mtu mzima, ni mpangaji, ni bosi, akainua mkono wake juu, kiganja wazi, kama kila jioni ya utoto wake. Honi ikapiga moja ndefu. Mabehewa yakapita, vioo vikimeta, mbio, mbio. Hakuna aliyemjibu. Mkono ulibaki juu peke yake mpaka behewa la mwisho lilipokwisha, kisha ukashuka polepole, kana kwamba ni mzito.

Mama Geti aliona yote. Alikunja bendera, akapandisha miti ya geti, upande huu na upande ule, na malori yakaanza kupita. Akarudi ndani kwa mlango wa uani. Aliweka sufuria motoni, akapima chakula cha watu wawili bila kufikiri, akasimama akikitazama.

Mlango wa mbele ukabishwa tena, taratibu.

Hakwenda kuufungua.